Simu moja, watoto sitini darasani: walimu wenzangu nyinyi mwafanyaje?

mwl_wa_kisiwani (Pate)

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nafunza Gredi ya 5 na ya 6 huku Pate, sayansi na Kiswahili, na nataka kusikia kwa walimu wanaotumia simu ama tableti darasani mpaka mtoto akatoka ameelewa kitu, si kuonyesha picha alafu basi.

Hali yangu ni hii. Watoto wakaribia sitini darasa moja. Simu ni moja nayo ni yangu, bando natoa mfukoni, netiwaki yapatikana ukisimama upande wa baharini na mvua ikiingia ndo usiulize. Sola ya shule yatosha taa za ofisi na kuchaji simu za walimu. Stoo kuna zile tableti za mpango wa serikali wa Digital Literacy wa 2016, zilikuja kwa watoto wa darasa la kwanza wa mwaka ule, na watoto wale ndo waliofanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho 2023, wao wameshapanda sekondari na tableti zingali stoo, zengine zawaka zengine hazionyeshi hata taa.

Na hii simu yangu ishakuwa ofisi. Alama za kupeleka baraza la mitihani KNEC humo, fomu za TPAD za kutathmini walimu humo, ujumbe wa CSO, yule afisa wa mtaala, humo, grupu la wazazi humo. Kila kazi ya karatasi imehamia kwenye simu ya mwalimu isipokuwa kazi ya kufunza, na hiyo ndo yaniuma.

Majuzi somo lilikuwa wanyama wasio na uti wa mgongo, nikapakua video ya pweza nikapita nayo kati ya madawati. Wa mbele waliona, wa katikati waliona vidole vyangu, wa nyuma wakaanza mambo yao. Mwalimu mkuu ameniachia nijaribu ila ameshasema wazi mtoto haji na simu shuleni, nami naafikiana naye kabisa. Sasa kwa simu moja, tableti chache mbovumbovu, na bila intaneti ya kutegemea, nyinyi mwafanyaje? Somo mwalipanga vipi? Nataka yale mliyoyafanya kwa mikono yenu jamani, ya semina nishayasikia.

mwl_sayansi_mld

Wa aleikum salaam mwalimu. Mimi niko Malindi, junior school, sayansi, darasa langu hamsini na ushei.

La kwanza, pweza usiwaonyeshe kwenye simu. Mtoto wa Pate pweza amemtoa mwambani kwa mkono wake, amempigapiga chini mpaka akalainika, amjua kuliko aliyerekodi ile video. Pweza, kaa, chaza na jongoo bahari waje kwenye karai, mbele ya darasa, wawaguse. Simu iweke kwa kile ambacho jicho la mtoto halifiki. Kamera ya simu ina ile slo mosheni, rekodi kaa anavyotembea kwenye sakafu alafu rudisha polepole, hapo wataona miguu inavyopokezana, kitu ambacho wamekitazama maisha yao yote na hawajawahi kukiona. Hapo mtoto anyamaza mwenyewe hujamwambia kitu.

La pili usizunguke na simu, zungusha watoto. Somo la dakika 35 ligawe makundi matano, kila kundi na meza yake. Meza moja ina karai la wanyama, nyengine wanachora, nyengine wanajibu maswali kwa kitabu, nyengine wanapanga kadi za majina, na moja peke yake ndo ina simu. Dakika saba kila meza, ukipiga kofi wanahama. Watoto kumi na wawili kuizunguka simu moja ni wengi lakini wanaona, sitini hawaoni. Ikiwa dakika hazitoshi ligawe siku mbili, hakuna aliyekufukuza. Na kabla hawajabonyeza play waandike kwanza wanafikiri wataona nini. Hili msilipuuze, manake asiyebashiri anatazama video kama anavyotazama katuni, lakini aliyeandika "kaa anatembea kwa miguu minne" anatazama ili ajue kama amepata au amekosa.

Ngoja nikupe moja ninalolipenda, la kasi ya sauti, ni la madarasa ya juu lakini Gredi ya 6 wako wataliweza ukiwasaidia hesabu. Kuna apu yaitwa phyphox, imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen huko Ujerumani, ni ya bure na ikishaingia kwenye simu haitaki intaneti. Ndani yake kuna saa inayoanza na kusimama kwa kusikia sauti. Chukua simu mbili, yako na ya mwalimu mwenzako, ziweke mbali mita 5. Mtoto wa kwanza apiga kofi karibu na simu yake, saa zote mbili zaanza, lakini ile ya mbali yachelewa kidogo kuanza sababu sauti lazima isafiri kuifikia. Alafu mtoto wa pili apiga kofi kwake, sasa ile ya kwanza ndo yachelewa kusimama. Toa muda wa saa ya pili kwenye muda wa saa ya kwanza, kinachobaki ni muda wa sauti kwenda mita 5 na kurudi mita 5. Utapata kama sekunde 0.029. Gawa 10 kwa hiyo, ni kama mita 345 kwa sekunde, na kwa joto letu la pwani hapo hapo ndo penyewe. Wangu hawakuamini, walitaka mita ziongezwe wapige tena, wakaenda nje tukashindana na tuktuk kwa kelele mpaka tukahamia nyuma ya jengo. Kwa hiyo tafuta mahali pametulia, na ile sehemu ya kuchagua ukubwa wa sauti ya kuiamsha saa iongeze kama upepo ni mkali.

mama_maweni

Samahanini walimu, mimi si mwalimu, ni mzazi hapa Malindi na nimesoma yote kwa makini. Mwalimu wa Pate nakupa heko kwa kukubali kwamba mtoto asije na simu. Lakini naomba niseme ya upande wetu kwa sababu hayasemwi.

Kazi za nyumbani za siku hizi "tafuta kwa intaneti" zatuumiza. Wangu wa Gredi ya 4 arudi jioni ataka simu, na simu ni moja nyumbani, mimi ndo napokelea oda za mahamri na pesa za wateja humo humo. Nikimpa, kazi ya dakika kumi yawa saa nzima, manake baada ya picha ya mmea yaja video ya densi, na bando la shilingi ishirini limeisha kesho naanza siku sina. Nisipompa aenda shule hana kazi aonekana mvivu. Nikawaza, na yule jirani mwenye mulika mwizi, simu ndogo isiyo na intaneti, je, mtoto wake afanyeje?

UNESCO walitoa ripoti yao ya 2023 kuhusu teknolojia shuleni, wakasema mtoto akishapotezwa na simu yaweza kumchukua mpaka dakika 20 kurudi kwenye alichokuwa anasoma. Wakati ule chini ya robo ya nchi za dunia ndo zilikuwa zimepiga marufuku simu shuleni. Sisemi walimu mwache, nasema simu ikae mkononi mwa mwalimu na kazi ya nyumbani ifanyike bila simu, au iwe na njia mbili, mwenye simu hivi, asiye nayo aulize babu yake.

La pili ni picha. Mwalimu apiga picha watoto wako kwenye makundi, kwa nia njema, aziweka kwenye grupu la wazazi, mmoja azitoa apeleka Facebook, na pale kuna uso wa mwanangu na yunifomu yaonyesha shule gani. Mji wetu huu wapita watu wa kila namna. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 yasema data ya mtoto yataka idhini ya mzazi, na 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga shule moja Nairobi faini ya zaidi ya milioni nne kwa kuweka picha za watoto bila idhini. Naomba sana, piga picha mikono, piga picha kaa, piga picha daftari, nyuso ziacheni.

mwl_wa_kisiwani (Pate)

Mamangu umesema kweli na hilo la picha nalichukua hivyo hivyo, mikono na madaftari tu, na mkutano wa wazazi ujao tutaandikisha idhini kwa karatasi. Kazi ya nyumbani ya simu kwetu haiwezekani hata tukitaka, kuna nyumba simu huenda na baba baharini.

mwl_sayansi hilo la meza tano nimeliandika. Nauliza sasa nani ajua habari ya tableti zilizolala. Nizitupe ama kuna uhai?

fundi_barani

Mimi ni fundi simu Malindi, na tableti za namna hiyo zimepita mezani kwangu, kwa hivyo nisikilize usizitupe bado.

Kwanza kabisa zitoe zote uziweke kwenye meza bapa. Yoyote iliyofura mgongo, ikiyumba ukiibonyeza kona, hiyo betri imevimba, USIICHAJI na usijaribu kuifungua kwa kisu, iweke peke yake nje ya jengo mbali na watoto mpaka ipate fundi. Hilo sifanyi mchezo nalo, betri ya lithiamu ikitobolewa yawaka moto na maji ya ndoo hayakutoshi.

Zilizo bapa zisafishe tundu la chaja. Huku kwetu chumvi ya hewa yaingia kila mahali, wakati wa kusi utaona pale kwenye vyuma vya shaba pamefanya kijani. Mswaki mkavu laini, na spiriti ile kali ya dukani kidogo, acha ikauke kabisa. Alafu ichomeke kwenye chaja uiache nusu saa au zaidi hata kama haionyeshi taa, betri iliyokauka sana haiwaki mara moja, watu wengi husema imekufa ilhali ilikuwa yataka subira. Chaji mchana jua likiwa kali, mbili au tatu kwa wakati mmoja, usije ukamaliza betri ya sola na usiku ofisi ikawa giza.

Likizo ikifika usizihifadhi zikiwa zimejaa wala zikiwa tupu, ziache nusu hivi, na katikati ya likizo mtu azichungulie aongeze. Ziwe kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana na vile vifuko vidogo vya chengachenga vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, waombe wenye maduka watakupa bure. Hivyo vyanyonya unyevu.

Jengine, mpango ule wa 2016 ulikuja pia na laptopu za walimu na projekta. Uliza ziko wapi. Manake simu nyingi za bei ya chini hazitoi picha kwa waya wa HDMI hata ukinunua adapta gani, utapoteza hela zako, lakini laptopu na projekta zafanya kazi moja kwa moja. Tatizo litakuwa mwangaza, madirisha yafunikwe kwa kanga nzito au mkeka na ukuta uwe mweupe.

Na kwa kuona vitu vidogo, lenzi ya deki mbovu ya DVD. Ile kioo kidogo kama tone kinachosoma sidii, fundi yeyote atakutolea. Ibandike kwa selotepu juu ya kamera ya simu, sogea karibu kabisa na kitu, utaona magamba ya samaki na miguu ya sisimizi wazi kabisa. Kuna wanaoweka tone la maji kwenye kamera, mimi kama fundi nakukataza, maji na simu msiyakutanishe.

bi_mstaafu_langoni

Nimefunza Kiswahili Lamu miaka mingi na yeo nimestaafu, wajukuu ndo wanaonisomea haya. Nyote mwaongea sayansi na mwalimu amesema afunza Kiswahili pia, mbona mwamsahau.

Kifaa chenye maana kuliko vyote kwenye hiyo simu ni kinasa sauti. Hakitaki bando, hakimalizi chaji upesi, na faili lake ni dogo. Mwite mtoto mmoja mmoja wakati wengine waandika, asome aya moja, mnase, alafu msikilize pamoja naye. Mtoto hajawahi kujisikia akisoma. Akijisikia ajua mwenyewe wapi amesitasita, wapi amemeza neno, huna haja ya kumkemea. Mwezi ujao mnase tena aya ile ile umpigie ya kwanza na ya pili. Nimemuona mtoto wa kiume aliyekuwa akijificha nyuma ya mwenziwe kila siku ya kusoma, alipojisikia mara ya pili akaomba asome mbele ya watu. Kwa watoto sitini utachukua wiki kadhaa kuwamaliza, hewala, watano kwa siku watosha.

Na hadithi zipo. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za picha za bure kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo, wazipakua mara moja ukiwa na netiwaki kisha zabaki. Zaruhusu hata mwalimu kuandika yake akaiweka. Hapo ndo nataka mfike. Watoto wa Pate na Siyu na Faza wana mabibi wenye ngano na mashairi ambayo hayajaandikwa popote, na kila siku twazika mmoja wao. Mtafutie mtoto mkubwa ruhusa ya mzazi na ya huyo bibi, nendeni na simu ya mwalimu jioni mumnase, darasani waisikilize, waiandike, wachore picha. Matondoni kuna mafundi majahazi, mnaseni fundi akieleza kila ubao na jina lake na kazi yake, hilo ni somo la msamiati la wiki nzima. Zitabu zote tulizokuwa tukifunzia zilisema treni na theluji. Mtoto aandike kuhusu mkoko na mchu na mkandaa, aweke na picha aliyopiga mwenyewe, nusu na zaidi ya mikoko ya Kenya nzima iko kaunti hii yetu na twaijua kwa majina.

kijana_mokowe

Shikamoo Bi, hilo la kunasa nimelipenda mno. Mwalimu mimi nashughulika na kompyuta hapa Mokowe, netiwaki isikutie wasiwasi, wahitaji oflaini.

Kuna programu ya bure yaitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imetengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti na menyu yake ina Kiswahili. Wachukua laptopu moja, ile ya mpango wa serikali ikiwaka yaweza kutosha, waiweka Kolibri na masomo yake kutoka kwa hadi diski, kisha wawasha hotspoti ya laptopu. Tableti zajiunga na hiyo hotspoti kwa waifai, mtoto afungua brauza, masomo yote yamo. Intaneti haihitajiki hata chembe, kila kitu chatoka kwenye laptopu iliyo mbele yako. Wewe unaona nani amefanya zoezi gani na wapi wengi wamekosea, na hicho ndo chenye faida, wajua kesho urudie nini. Tahadhari moja, tableti za 2016 brauza zake ni kuukuu, zengine kurasa zitakataa kufunguka, kwa hivyo jaribu moja kabla hujawaahidi watoto.

Ndani ya Kolibri kuna chaneli za Khan Academy, African Storybook aliyosema Bi, na PhET ya chuo kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Hizi PhET mwalimu wa sayansi zitakufurahisha. Ziliasisiwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, na baadhi zimetafsiriwa Kiswahili. Mtoto aunga waya, betri na balbu kwenye skrini, akikosea hakuna kinachoungua. Hata bila Kolibri wazipakua moja moja zikae kwenye simu. Na Kiwix nayo yakupa Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye memori kadi.

Kwa walio na mulika mwizi nyumbani kuna Shupavu 291, maswali kwa SMS, mtoto ajibu na kupata majibu hapo hapo, ina gharama ndogo ya kujiunga kwa hiyo mzazi aulizwe kwanza. mama_maweni naona hilo lamhusu jirani yako.

mwl_wa_kisiwani (Pate)

Nimeshukuru mpaka sijui niseme nini. Nitaanza na kinasa sauti Jumatatu kwa sababu hakihitaji chochote, na meza tano kwa somo la sayansi la wiki hii. Laptopu nimeuliza, iko moja kabatini kwa mwalimu mkuu, yawaka ikiwa kwenye waya tu.

Wazo limenijia nikisoma haya. Bamvua lijalo niwatume watoto wawili na mimi gatini, tupige picha nguzo ile ile maji yakijaa na yakipwa, alafu maji mafu tupige tena mahali pale pale. Picha nne tuzipange kwenye skrini moja, wapime tofauti kwa rula. Maji wayajua lakini kuona siku mbili pamoja hawajawahi. mwl_sayansi hapo umbali wa kamera lazima uwe mmoja, sivyo?

mwl_sayansi_mld

Ndiyo, simama alama moja kila mara, chora kwa chaki kama ni saruji, na zumu usiiguse. Tia na kipimo ndani ya picha, fito ya mita moja yenye mistari ya rangi iliyofungwa kwenye nguzo, la sivyo rula itapima picha haitapima maji. Andika tarehe na mwezi uko siku ya ngapi, hiyo ndo itakayowafungulia kwa nini. Na ukiweza bashiri kwanza, kila mtoto aweke alama yake ya mahali anapodhani maji yatafika.

kijana_mokowe

Mwalimu hiyo laptopu inayotaka waya itafanya kazi vizuri tu kwa Kolibri, ikae kwenye sola mchana. Ukija Mokowe kwa boti niambie siku mbili kabla, njoo na fleshi au hadi diski yenye nafasi, GB 64 zatosha kwa masomo ya shule ya msingi ukichagua vizuri, usichukue video zote. Nitakuwekea na Kiwix. Sitaki malipo, ila njoo na tableti moja tuijaribu hapa hapa kabla hujarudi nayo.